Hasira na Maradhi ya Moyo: Lawama ni ya Nani?

Wengi hudhani kuwa moyo tuutajao tusemapo hasira na kinyongo ni moyo wa maneno tu, na kwamba ule wa nyama ulio kifuani haumo katika mambo hayo. Dhana hii si sahihi. Mtu akighadhibika moyo hupiga mbio, damu hupanda, na mishipa hukaza. Matabibu wa New York walitangaza mwaka 2024 kuwa dakika 8 tu za kukumbuka jambo la kuudhi ziliifanya mishipa ya watu wazima ishindwe kutanuka ipasavyo hata kwa muda wa dakika 40, nao ni watu wasiokuwa na maradhi. Basi fikiri, ewe msomaji, hali ya mtu akumbukaye kila usiku, mwaka baada ya mwaka, urithi aliodhulumiwa na nduguye wa tumbo moja.

John Hunter, mpasuaji mashuhuri wa London, aliumwa na kifua miaka mingi, na yasemwa alikuwa akisema kuwa uhai wake umo mikononi mwa baradhuli yeyote atakaye kumchokoza. Tarehe 16 Oktoba 1793, katika mkutano wa hospitali, alikanushwa mbele za watu. Akanyamaza, akaingia chumba cha pili, akaanguka, akafa. Alipopasuliwa, mishipa iulishayo moyo ilionekana imekuwa migumu kama mfupa.

Mishipa ile haikuharibika siku moja. Ghadhabu ilikuwa cheche; kuni zilikwisha kukauka zamani. Tena wako wapole wafao kwa moyo, na wakali waishio hadi uzeeni, kwani tumbaku, sukari na shinikizo la damu nazo zina fungu lao, tena kubwa. Kwa hiyo si insafu kusimama kitandani pa mgonjwa tukasema kuwa ameyataka mwenyewe.

Lakini lililo zito zaidi ni hili: mawaidha yetu yote humwendea mwenye hasira. Jizuie, samehe, sahau! Ni maneno ya kheri, nasi hatuyakatai. Mbona yule mchokozi haambiwi neno? Mwajiri azuiaye mshahara wa mtumishi wake miezi 3, kisha akamcheka anapodai, hakuna amwitaye muuaji, wala sheria haimjui kwa jina hilo. Akianguka mtumishi yule, mwajiri huja mazikoni na ubani mkononi, akasema kuwa marehemu alikuwa mtu wa hasira sana.