Mtoto Yezu Katika Magofu



Hapa Rurambo hakuna asiyeyajua mahame: mafiga matatu, migomba michache, msingi uliofunikwa na majani. Mzee afikapo hapo husimama, akawataja waliopakaa. Kijana hupita upesi. Naye ajiandaaye kwa Ubatizo hukutana na mahame ya namna nyingine, yaani desturi za babu zake. Hujiuliza: Je, imenipasa kuyadharau yote waliyoyajenga?

Na tutazame jambo hili kwa msaada wa wachoraji wa kale wa Flandria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Karibu mwaka 1450, Rogier van der Weyden alichora Kuzaliwa kwa Bwana. Picha hiyo imetunzwa Berlin. Bikira Maria amepiga magoti, Yozefu ameshika mshumaa, Mtoto amelazwa chini. Lakini zizi lenyewe ni la ajabu: ni kuta za mawe za jengo kubwa la zamani lililobomoka, na mbele yake yasimama nguzo nene.

Kwa nini magofu? Wengi wameeleza kwamba magofu hayo ni mfano wa jumba la Daudi. Ufalme wake ulikuwa umeanguka, na nabii Amosi alitabiri kwamba Mungu atalisimamisha tena banda la Daudi. Basi mchoraji hakumlaza Mtoto katika jumba jipya la fahari. Alimlaza ndani ya kuta zilizovunjika za wazee wake.

Mtu atauliza: Je, yote ya kale ni mema? La, sivyo. Joachim Patinir, aliyefariki Antwerpen mwaka 1524, alipenda kuchora nchi pana yenye milima na miamba, na watu wakiwa wadogo ndani yake. Katika picha yake iliyoko Madrid, Jamaa Takatifu wapumzika njiani kwenda Misri, na kando yao sanamu za miungu zaanguka hekaluni. Habari hiyo haimo katika Injili. Ni simulizi la Wakristo wa kale. Lakini yatufundisha kupambanua: sanamu huanguka, ukuta wafaa kubaki.

Kupambanua huko si kazi rahisi. Baba wa mji agawapo pombe ya mavuno, kwanza amimina kidogo kwa mizimu, kisha ampa jirani, mgeni na mjane. Sanamu na ukuta vimeshikamana. Tutavitenganishaje? Mimi naona kipimo kimoja katika picha ile ya kwanza: Je, mnyonge aweza kulala hapa salama? Desturi impayo mgeni chakula na yatima mzazi ni ukuta mwema. Desturi imfukuzayo mjane kwa kumshuku uchawi na ianguke, hata ikiwa ni ya kale sana.

Kipimo hicho chahukumu na mambo mapya. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala, kusini kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa letu Tanganyika. Mwaka 1884 watu wake walimshambulia mkuu Lusinga, wakamwua. Mwaka 1885 kituo kile kikatiwa mikononi mwa Mapadri Weupe, kikawa misheni. Kuta zilezile zilizoona damu zikasikia sala. Basi mtu asiseme: hiki ni cha wageni, kwa hiyo ni safi, wala asiseme: hiki ni cha babu, kwa hiyo ni kichafu.

Ndugu zangu, Bwana wetu alifundisha kwamba hakuja kuitangua Sheria, bali kuitimiza. Kabla hamjabomoa neno la wazee wenu, ingieni kwanza ndani yake, mtazame kama pana mahali pa kumlaza mtoto. Pakiwapo, liezekeni upya.