Usiihukumu Batri Kabla ya Kuipima

Mahubiri kwa mafundi, mashofere na wenye magari wa Kamina. Somo: Waamuzi 6:36–40.

Wapendwa, Gideoni hakuwa mtu wa kushawishika upesi. Aliambiwa kwamba yeye ndiye atakayeiokoa Israeli mikononi mwa Wamidiani, naye akatandaza ngozi ya manyoya uwanjani usiku, akaomba kwamba kukicha ngozi iwe imelowa umande na ardhi yote iwe kavu. Kukapambazuka, akaikamua ile ngozi, maji yakajaa bakuli. Wengi wetu hapo tungeanza vigelegele. Gideoni aliomba asikasirikiwe, kisha akataka jaribio la pili, kinyume cha la kwanza: ngozi ikauke, ardhi ilowe. Manyoya hunywa umande kuliko udongo, kwa hiyo yaliyotokea usiku wa kwanza yangeweza kutokea yenyewe. Ya usiku wa pili yasingeweza.

Mtu huyu alizungumza na Mungu, na bado alipima mara mbili. Wewe unayezungumza na pikapu isiyojibu, unatoa hukumu kwa kusikia mlio mmoja! Nani aliyekufundisha?

Leo nahubiri juu ya dhambi isiyotajwa sana madhabahuni: dhambi ya kubahatisha kwa fedha ya mtu mwingine.

Mnaijua, maana inatendeka machoni petu. Land Cruiser imekataa kuwaka. Ufunguo unazungushwa: tik! Kimya. Kapo haijafunguka vizuri, hukumu imeshatoka: batri imekufa. Batri mpya inanunuliwa. Tik! Basi ni demareri. Demareri inaagizwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na ninyi mnajua kwamba wala reli wala barabara zetu hazijawahi kunyooka. Inafika, inafungwa. Tik! Ndipo kijana wa garaje, yule asiyeulizwa kitu, anaushika waya wa mase, anaukuta umelegea na umeota kutu. Anasugua, anakaza, gari linanguruma. Na fundi mkubwa anapokea pongezi!

Wakati huo nani amelipa? Amelipa mama aliyetoka Bukama na samaki wa maziwa ya Upemba na Kisale. Amelipa mgonjwa wa zoni ya afya aliyekuwa akingoja gari kijijini. Wamelipa watoto ambao karo yao imegeuka demareri. Kutoa hukumu usiyoijua ni kusema uongo, hata kama mdomo wako umeisema kwa nia njema.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Batri ikilala nzima na kuamka mfu siku tatu mfululizo, wanasema gari lina mkosi, jirani amelitupia jicho. Liombeeni gari, sikatazi. Nami nimeyaombea mengi. Lakini kabla hujamshtaki jirani, zima kila kitu, funga milango, toa waya wa mase kwenye batri, weka kipima-ampea katikati ya waya na nguzo yake. Gari lililolala halipaswi kunywa zaidi ya ampea 0.05 au karibu na hapo. Likinywa zaidi, chomoa fizibu moja moja. Ile itakayoufanya mshale ushuke ndiyo inayokuonyesha mwizi, na mara nyingi mwizi huyo ni redio iliyofungwa ovyo au taa iliyosahauliwa ndani ya sanduku la vifaa. Jirani yako hana hatia. Nenda ukamsalimie.

Ndugu zangu, mji wetu ulikua kwenye njia panda ya reli: upande mmoja Bukama na Lubumbashi, upande mwingine Mwene-Ditu na Ilebo, mwingine Kabalo na Kalemie. Treni ikifika hapa, mtu hasemi tu kwamba inakwenda mahali fulani; kuna chuma kinachogeuzwa, na kikishageuzwa njia moja inafunguka, nyingine zinafungwa. Kila kipimo kwenye gari hufanya kazi hiyohiyo. Kipimo kimoja cha kweli kinazifunga njia nyingi za uongo kwa mara moja.

Basi pimeni! Anzeni na batri iliyopumzika usiku kucha. Iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.0, ina njaa. Ilishe kwanza, kisha uihukumu. Sasa washa taa kubwa na uzungushe ufunguo. Taa zikibaki ziking'aa na demareri iko kimya, usiiguse batri. Umeme haufiki unakotakiwa. Taa zikififia karibu kuzimika, umeme ni mdogo, au njia yake imebanwa, au demareri imekwama na inaumeza wote. Kipi kati ya hivyo? Usiseme, pima tena! Weka kipima-volti juu ya nguzo mbili za batri, mwenzako azungushe ufunguo. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati ilikuwa imejaa na demareri haijakwama, hapo unaweza kuishtaki. Ikisimama imara, hamisha vidole vya kipima: kimoja kwenye nguzo hasi ya batri, kingine kwenye chuma kitupu cha moteri, azungushe tena. Hapo hapapaswi kuonekana kitu, labda sehemu ndogo ya volti. Ukiona nusu volti au zaidi, umempata mkosaji: ni mase. Dawa yake ni msasa na spana, na dawa hiyo haiagizwi Lubumbashi.

Na hata demareri ikishapatikana na hatia, usiizike nzima. Ndani ya swichi yake mna vipande vya shaba vinavyogusana kila ufunguo unapozungushwa, na katika Toyota nyingi hivyo ndivyo vinavyolika na kuleta ile tik bila mzunguko. Watu wa Katanga ya zamani, sisi tuliokulia juu ya shaba, tununue mtambo mzima kwa sababu ya vipande viwili vya shaba?

Sasa demareri inazunguka vizuri, lakini moteri haishiki. Msikimbilie pompa! Moteri ya mazuti haina cheche. Hubana hewa kwa nguvu sana mpaka ipate joto la kuyawasha mazuti yenyewe. Inahitaji hewa, mbano na mazuti safi. Lakini kwenye pompa nyingi za zamani, kama zile za Land Cruiser za moteri ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2, mna valvu ndogo inayofunguliwa na umeme, yenye waya mmoja tu. Waya huo ukikatika, mazuti yanafungwa, na moteri yenye afya kamili inalala kama iliyokufa. Washa kontakti, tega sikio kwenye pompa, pima waya ule. Volti 12 zipo? Njia ya kuushuku umeme imefungwa, geukia mazuti. Bonyeza pompa ya mkono juu ya filtri: ikiwa laini na haikazi, ama mna hewa inayoingia, ama tangi halileti. Fungua kizibo cha chini cha filtri, kinga kwenye chupa safi, iache itulie. Maji hukaa chini ya mazuti. Wote mlionunua kwa kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, bila kitambaa cha kuchujia, itazameni chupa hiyo kwa makini.

Na asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari likitoa moshi mweupe na kutetemeka kisha likatulia, pimeni buji za kupasha kabla ya kulifungua kichwa. Moshi mweusi ukitoka, anzeni na filtri ya hewa, maana vumbi letu la kiangazi halina huruma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo mazungumzo mazito yanapoanza.

Ninaposema pima mara mbili, nina maana ya kufanya kama Gideoni, kugeuza jaribio. Unashuku rele? Ibadilishane nafasi na jirani yake inayofanana nayo. Ugonjwa ukihama nayo, umejua. Ugonjwa ukibaki palepale, rele haina kosa, irudishe mahali pake. Umetengeneza na gari limewaka? Legeza tena kile ulichokaza, uone kama ubaya unarudi, kisha ukikaze moja kwa moja. Asiyefanya hivyo hajui kama alitengeneza au alibahatika.

Yapo mambo mawili ninayoyakemea waziwazi. La kwanza: kutoa waya wa batri moteri ikinguruma ili kujua kama alternateri inachaji. Acheni! Volti zinaruka juu ghafla na kuziunguza diodi zake. Mmemuua aliyekuwa mzima ili kujua kama anapumua. Kipima-volti kinatosha: moteri ikizunguka, nguzo za batri zionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Ikipungua, tazama mkanda, tazama fizibu, tazama makaa ya alternateri, kwa utaratibu huo. La pili: kuweka waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fizibu ya ampea 15. Fizibu iliyoungua ilikuwa inasema kweli. Ukiinyamazisha, moto utatafuta mahali pengine pa kuungua, na pengine pale ni chini ya kiti cha abiria.

Shofere, usifiche dalili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema lilianza lini, likiwa baridi au moto, kwenye mvua au kwenye vumbi, baada ya kujaza mazuti wapi. Mshale wa joto ukipanda, simama, subiri lipoe, usifungue radiateri inayotokota. Kufika umechelewa si aibu.

Fundi, andika namba ulizoziona kwenye karatasi, umpe mwenye gari. Na kila pyesi ya zamani uliyoitoa, mkabidhi mkononi. Pyesi nzima iliyobaki kwako baada ya kumuuzia mpya ni wizi, uiite jina lolote utakalo.

Na wewe, papa mwenye gari, usiketi ukitikisa kichwa kana kwamba mahubiri haya ni ya wenye mikono michafu peke yao. Ni nani anayemfundisha fundi kubahatisha? Akitumia asubuhi nzima kupima, akakaza nati moja na gari likawaka, unamwambia amekaza nati tu, unampa fedha ya chai. Akikuletea demareri mpya ndani ya boksi, unalipa bila kunung'unika. Umelipa chuma, ukakataa kulipa akili, kisha unashangaa kwamba wanakuuzia chuma! Tubu. Lipa kazi ya kupima, ilipe kabla ya pyesi, ilipe hata pasipopatikana cha kubadilisha. Hasa pasipopatikana cha kubadilisha, maana siku hiyo mtu amekuokolea mali yako kwa ukweli wake. Garaje ambamo ukweli unalipwa itakuwa na mafundi wakweli. Ambamo chuma ndicho kinacholipwa, itaendelea kutuuzia chuma mpaka tufilisike wote.

Amina.