Je, Tuonye Juu ya Hatari Isiyojulikana Siku Yake?

Kuna swali ambalo yafaa tulitafakari pamoja. Mtu akijua kwamba hatari fulani ipo, lakini hajui kama itatokea mwaka huu au baada ya miaka elfu, je, ana wajibu wa kuwaonya wenzake? Au ni hekima anyamaze, asije akawatia watu hofu ya bure?

Mfano wangu utaonekana kuwa wa mbali na Dodoma: maporomoko ya ardhi chini ya bahari. Wengi wetu hudhani kuwa sakafu ya bahari ni tambarare kama mbuga ya Bahi. Sivyo. Iko miteremko na makorongo makubwa, na mito hupeleka udongo huko mwaka hata mwaka. Maji ya Mpwapwa na Kongwa hushuka kwa Mto Kinyasungwe, yakaingia Wami, na Wami humwagika baharini. Kwa hiyo hata sisi wa bara tumo. Udongo hulundikana juu ya mteremko mpaka tetemeko, au uzito wake wenyewe, uuporomoshe. Hapo maji yaliyo juu yake husukumwa, na mawimbi makubwa huenda pwani.

Mambo haya si hadithi. Mwaka 2020 wataalamu wa miamba walieleza habari za poromoko la kale katika bahari ya Tanzania, ambalo walilipa jina la Mafia. Lilienea zaidi ya kilomita za mraba 11,000, nalo lilitokea miaka milioni 20 hivi iliyopita. Lakini mengine ni ya juzi tu. Tarehe 17 Julai 1998, huko Papua New Guinea, mawimbi yaliua watu zaidi ya 2,000. Wataalamu wengi wanaona kwamba tetemeko peke yake lisingeweza kuyaleta, bali liliangusha ardhi chini ya maji. Tarehe 22 Desemba 2018, ubavu wa mlima wa volkano wa Anak Krakatau, Indonesia, uliporomokea baharini usiku. Watu zaidi ya 400 walikufa. Ving'ora havikulia kwa wakati, maana mitambo ilikuwa imewekwa kusikiliza matetemeko.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra lilitokea karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakafika pwani ya Afrika Mashariki mchana. Zilikuwapo saa nyingi za kupeana habari. Poromoko la karibu halitoi nafasi hiyo. Basi, onyo lake halina budi kutolewa miaka mingi kabla, yaani kwa kufundisha.

Wapo watakaosema: tuna ukame na njaa, kwa nini tujitwike na hofu ya bahari? Hoja hii si ya kudharau. Mwenye njaa leo ana haki ya kwanza. Lakini somo la nusu saa darasani halimnyang'anyi mtu uji wake. Tena watoto wetu hawakai Dodoma daima. Huenda Tanga, Dar es Salaam na Mtwara kusoma na kutafuta kazi. Na ardhi huporomoka nchi kavu pia. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaangukia Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Hanang si mbali na Kondoa.

Wengine huogopa kuitwa waongo, kwa kuwa hatari isipotokea watu watamcheka aliyeonya. Hapa yatupasa kupambanua. Mtabiri hutaja siku, na siku ikipita bure ameaibika. Mwonyaji hasemi lini. Husema dalili ni hizi na njia ya kukimbilia ni ile. Hata kama hatari haitokei maisha yake yote, maneno yake hayawi uongo.

Wazee wa kisiwa cha Simeulue, Indonesia, walilielewa jambo hili. Baada ya mawimbi ya mwaka 1907, waliwafundisha wajukuu neno moja, smong, na maana yake: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Walioanza kufundisha walikufa bila kuona faida yake. Mwaka 2004 kati ya wakazi zaidi ya 70,000 walikufa 7 tu, ingawa kisiwa kilikuwa jirani kabisa na chanzo cha tetemeko.

Kwa maoni yangu, kunyamaza kwa kisingizio cha kuwaepusha watu na hofu ni kuwaamulia mambo yao bila kuwauliza. Hofu humwingia zaidi asiyejua la kufanya. Sisi tuliokwisha zeeka tuna wajibu huu kwa namna ya pekee, kwa kuwa hatutakuwapo siku yenyewe. Tuwaambie watoto mapema: ukiwa ufukweni, ardhi ikitikisika, au maji yakirudi nyuma ghafula, au bahari ikivuma kwa namna isiyo ya kawaida, usisimame kutazama wala usingoje kuambiwa. Panda juu, na umshike mkono aliye karibu nawe.