Kabla Hujarudi Kazini, Mwanangu

Mwanangu, nimefurahi kusikia baba yako amemaliza dozi zake sita za BCG kwenye kibofu kwa ajili ya ile saratani na anaendelea vizuri. Najua una haraka ya kurudi kazini. Kaa kidogo.

Lile kovu la chanjo ya kifua kikuu begani mwako limetokana na BCG hiyohiyo. Albert Calmette na Camille Guérin walimkuza mdudu wa kifua kikuu cha ng'ombe huko Lille, Ufaransa, wakamhamishia kwenye chakula kipya mara 230 kwa miaka 13 mpaka ukali ukamwisha. Mwaka 1976 Alvaro Morales, kule Kanada, akaonyesha kwamba mdudu huyo akimiminwa kwenye kibofu anasaidia kuizuia saratani isirudi. Anaamsha kinga ya mwili. Ila kumbuka, anaingizwa akiwa hai.

Siku ile ulinuna baba aliporudishwa nyumbani bila dozi kwa sababu mkojo ulikuwa na damu. Walikuwa wanamlinda, mwanangu. Palipochubuka, mdudu hupata njia ya kuingia kwenye damu. Hata ile jiki mliyoambiwa mmwage chooni ni kwa sababu ya mdudu huyo aliye hai.

Homa ya siku moja mbili baada ya dozi, na mkojo kuchoma, ni kawaida. Homa ikivuka nyuzi 38.5 na kupita saa 48, au akianza kutetemeka, mpeleke hospitali usiku huohuo. Ni nadra. Katika utafiti wa 1992 wa wagonjwa zaidi ya 2,600, walioambukizwa damu nzima walikuwa kama 4 kwa kila 1,000.

Mimi hainiogopeshi sana homa ya siku za dozi. Naogopa ile inayokuja watu wameshasahau. Nikiwa muuguzi tulimpokea dereva mmoja mstaafu. Mgongo ulimuuma, usiku akitoka jasho mpaka shuka linalowa. BCG aliimaliza zaidi ya mwaka nyuma, na hakuna aliyemuuliza. Naye angeisemaje? Nani anafikiria kibofu akiumwa mgongo? Tukasema ni uzee, ni usukani. Mimi nilimshauri abadilishe godoro. Godoro! Kumbe mdudu alikuwa anatafuna pingili za uti wa mgongo. Wengine mdudu huyo huwapata kwenye korodani, ini, mapafu, hata kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu.

Dawa zipo, zile za kifua kikuu, na humezwa kwa miezi: isoniazidi, rifampisini, ethambutoli. Pirazinamidi haimwezi mdudu huyu. Ndiyo maana daktari lazima ajue ni BCG, asije akamwandikia mchanganyiko wa kawaida tu akadhani amemaliza.

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mpimeni, sawa. Kipimo kikitoka safi, msiishie duka la dawa. Chukua daftari lake la kliniki, uandike kwenye jalada kwa herufi kubwa: AMEWEKEWA BCG KWENYE KIBOFU, na tarehe ya dozi ya mwisho. Wewe ukiwa mbali, litamsemea. Na daktari akishangaa kwamba BCG ni chanjo ya watoto, usibishane naye. Mwonyeshe hiyo tarehe, umwombe ampigie simu daktari wa mkojo aliyemtibu baba.