Nani Atakuwa Dhamana ya Mtoto?

Somo: Mwanzo 43:1–14



Ukurasa huu kwa desturi huzungumza habari za sala na sakramenti, lakini mwezi huu wazungumza habari za safari ya ndege. Msishangae. Jambo hili limekwisha kuingia kanisani, na lililoingia kanisani hatuna budi kulitazama kwa nuru ya Neno la Mungu.

Wote mwaijua habari yenyewe. Parishi rafiki yetu huko Uingereza imewaalika wanafunzi 12 wa darasa la sita wa shule yetu, wakakae siku 14 mwezi wa Juni, walale katika nyumba za Wakristo wa huko na kusoma pamoja na watoto wao. Mwaliko ulipokewa kwa vigelegele, lakini baada ya majuma mawili vigelegele viligeuka manung'uniko. Wazazi wengine wasema tembea ujionee, na mtoto afumbuliwe macho angali mdogo. Wengine wasema mtoto wa miaka 12 hajui hata kujieleza akiugua usiku. Atamwamsha nani katika nyumba ya wageni? Wengine wana neno la tatu, nalo si dogo: nauli ni ya mzazi, basi watakaokwenda ni watoto wa wenye nacho, na wenzao watabaki kuwapungia mikono. Twasikia pia kwamba ziko nyumba ambamo baba ametia sahihi na mama hakuulizwa. Na Jumapili zilizopita tumeona wazazi, wakati wa kupeana amani, wakipitana kama watu wasiojuana. Hapo ndipo palipotutia uchungu.

Kwanza tuseme wazi: wazazi kutoafikiana juu ya mtoto si dhambi. Tuikumbuke historia ya Kanisa letu. Mwaka 1864 Sultani wa Unguja alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza wa misheni pale kisiwani. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyetoka utumwani, Cecil Majaliwa, alipelekwa kusoma Canterbury, Uingereza, akapewa upadre mwaka 1890. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini tusisahau kwamba watoto wale walivushwa bahari wala hakuna mzazi aliyeulizwa. Mama zao huko bara hawakupata nafasi ya kusema ndiyo wala hapana. Basi mtoto ambaye leo baba na mama washindana kwa ajili yake ni mtoto mwenye neema.

Sasa tulitazame somo letu. Njaa ilikuwa kali katika nchi ya Kanaani, na wana wa Yakobo hawakuweza kurudi Misri kununua chakula bila ndugu yao mdogo, Benyamini. Yakobo akakataa. Je, alikuwa mzee mkaidi asiyependa maendeleo? La hasha! Zamani alimtuma Yusufu mwenyewe kwenda kuwatazama ndugu zake, akaletewa kanzu yenye damu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ndugu, mzazi asemaye hapana, msiharakishe kumwita mshamba. Huenda naye ana kanzu yake aliyoificha moyoni.

Tena angalieni jinsi Yakobo alivyoombwa. Wa kwanza kumwomba alikuwa Reubeni, aliyesema kwamba asipomrudisha Benyamini, wanawe wawili wauawe. Yakobo hakukubali, kwa maana babu atapata faraja gani kwa kuwapoteza na wajukuu? Reubeni aliweka rehani maisha ya watoto. Baadaye akaja Yuda, naye akajiweka dhamana mwenyewe: mtoto asiporudi, lawama iwe juu yake siku zote. Hapo Yakobo akafungua mkono. Na Yuda hakusema maneno matupu. Sura ya 44 yatueleza kwamba Benyamini alipotaka kuzuiliwa Misri, Yuda alijitoa awe mtumwa badala yake.

Hili ndilo swali letu kwa wote wanaoitetea safari hii: nani Yuda wenu? Si neno kusema kwamba Mungu atawalinda, au kwamba wenyeji ni Wakristo wema. Twataka majina. Nani atakwenda nao? Je, yumo mama ambaye msichana aweza kumwambia siri yake? Wenyeji watakaolala nao ni akina nani, na nani amewachunguza? Nani atashika dawa za mwenye pumu? Asiyekuwa tayari kujibu maswali haya amesimama bado mahali pa Reubeni.

Wala mtu asidhani kwamba msafara wa wacha Mungu hauwezi kumpoteza mtoto. Tusome Luka, sura ya pili. Yesu alikuwa na miaka 12, umri wa watoto wetu hawa. Yusufu na Mariamu walienda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, na jamaa nao bila shaka walidhani yuko kwa wazazi wake. Kila mmoja alimtegemea mwenzake. Safari ya London mara nyingi huwa na kubadili ndege njiani, labda Addis Ababa au Doha, katikati ya maelfu ya watu. Sisi tuliofundisha shule za msingi miaka mingi twajua kwamba watoto huhesabiwa, hawakadiriwi. Lakini tazameni na hili: wazazi wale hawakugombana njiani kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Walirudi pamoja, wakamtafuta pamoja, na Mariamu aliposema na mwanawe alimtaja baba na yeye mwenyewe kwa neno moja.

Na kama baada ya hayo yote hatutaafikiana? Paulo na Barnaba pia hawakuafikiana, na ugomvi wao ulikuwa juu ya kumchukua kijana safarini. Barnaba alitaka Marko aende. Paulo alikataa, kwa kuwa kijana yule aliwaacha Pamfilia. Wakatengana, Barnaba akampakia Marko kwenda Kipro. Lakini hatusomi popote kwamba Paulo alimwekea Marko kinyongo. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, naye yu kifungoni, aliomba aletewe Marko huyo huyo. Twaweza kushika njia mbili na tusiache kuwa ndugu.

Basi, wapenzi, shauri letu ni hili. Fomu isirudishwe shuleni mpaka baba na mama, au walezi, wameizungumza nyumbani, na sahihi iwe ya wote wawili. Naye mtoto aulizwe. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa haki ya kusema maoni yake, nayo yataka manufaa ya mtoto yatangulie. Mzazi akisema hapana, jina la mtoto wake lisitangazwe wala asichekwe. Na kuhusu nauli, kama twasema safari hii ni ya parishi, basi mfuko wake uwe wa parishi, na watoto wachaguliwe bila kuuliza baba yake ana nini. Kama hatuwezi kuchanga kwa ajili ya mtoto wa mjane, tusiseme kwamba Kanisa limealikwa. Afadhali tuwaandikie wenyeji barua ya heshima, tuwaombe watungoje mwaka mmoja. Yakobo alisukumwa na njaa. Sisi hatusukumwi na kitu.

Na Jumapili ijayo, kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, mnyoshee mkono yule uliyempita. Kristo ndiye dhamana yetu sote mbele za Baba, naye hakutuuliza kwanza tu upande gani.

Tuombe: Ee Mungu Baba, uliyemtuma Mwanao safari ndefu kwa ajili yetu, uwatunze watoto wetu, watakaokwenda na watakaobaki. Utupe sisi wazazi moyo mmoja, na tusipopata shauri moja, utupe upendo mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.