Butura na Adabu ya Mwislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: Enyi Waislamu wa Karagwe na Kyerwa, jueni ya kuwa tabia njema haijulikani kwa kilemba wala kwa sauti nzuri ya kusoma, bali kwa muamala. Mwaka 1861 wafanyabiashara wa Kiislamu walikwisha kuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya mtawala Rumanyika. Wageni wale walionekana kwanza katika kuuza na kununua. Na hata leo Mwislamu hutazamwa hapo.

Basi itazameni butura. Shule zafunguliwa Januari, au mtoto augua, na mibuni ingali na maua au matunda mabichi. Mwenye shamba aliyedhikika humwendea mwenye fedha, akamwuzia mazao ya mibuni ile kwa bei ndogo. Wakati wa mavuno mnunuzi huja na magunia yake, na mwenye shamba hubaki mikono mitupu.

Imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume s.a.w. alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake. Akauliza, Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, mtu atakula mali ya nduguye kwa haki gani? Ndiyo maana katika madhehebu ya Imamu Shafii bei hiyo haisihi, ila kwa sharti ya kuyakata papo hapo. Na kahawa changa yakatwa kwa manufaa gani? Na mwenye kusema, "Huu ni mkopo, nitarudishiwa zaidi," huyo ameingia katika riba.

Lakini sharia haikumfungia mhitaji mlango. Iko bei ya salam: fedha zote hutolewa palepale penye mapatano, na kahawa huwa deni, aina yake, uzani wake na muda wake vikijulikana, wala isiwe ya shamba fulani. Na bora kuliko hiyo ni kumkopesha bila ya faida, na kumpa muhula akishindwa, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Bakara, aya ya 280. Wala mtu asiibadili butura jina tu, akaiita salam, na huku amkamua mwenye dhiki vile vile.

Enyi wazazi, mtoto hufundishwa chuoni kumpendelea nduguye lile alipendalo nafsi yake. Arudipo nyumbani akaona baba amenunua maua ya jirani, atashika somo lipi katika hayo mawili? Basi mcheni Mungu, mkamwache jirani avune shamba lake.

Wallahu aalam.