Dhahiri na Batini ya Jino Lililozibwa

Kazi za mikono ni za namna mbili: ziko zinazojitangaza zenyewe, na ziko ambazo ukamilifu wake ni kutotambulikana kwamba zimefanywa. Kuziba jino kwa dawa yenye rangi ya jino ni katika hizo za pili, na mwanafunzi wa tiba ya meno anayeisomea hukabiliwa, pamoja na mazoezi ya vidole, na swali la zamani la maadili: mtu adaiwa uaminifu gani katika jambo ambalo hapana mwingine atakayeliona?

Dawa ya zamani, mchanganyiko wa zebaki na fedha, ilijikiri kwa weusi wake, na kila aliyecheka alionyesha alipopata kuugua. Lakini tangu Michael Buonocore alipobainisha huko Marekani, mwaka 1955, kwamba asidi huiparuza ngozi ngumu ya jino hata plastiki ikapata pa kushika, na tangu Rafael Bowen alipopewa hataza mwaka 1962 kwa utomvu uliozaa kompositi, dawa hiyo yenye rangi ya jino, waganga wamejaliwa kulirudishia jino wajihi wake. Neema hiyo ndiyo hiyo iwezayo kusitiri taksiri.

Mtazame mwanafunzi aliye katika mafunzo ya vitendo Makambako, mji wa njia panda ambapo barabara ya Songea huachana na ile ya Tunduma. Amekwisha kumwamkia shikamoo mama mkulima wa viazi aliyetoka Njombe, na tundu analopaswa kuliziba liko ubavu wa nyuma wa gego la mwisho, ukingoni mwa fizi, mahali ambapo jicho halifiki ila kwa msaada wa kioo. Na kioo chenyewe, katika baridi ya Julai ya nyanda hizi, huzibwa na ukungu wa pumzi kisipochovywa kwanza katika maji ya vuguvugu. Mate yakigusa palipopakwa asidi, dawa haishiki. Tabaka moja likizidi unene wa takriban milimita 2, au ncha ya taa ya kuigandisha isipokaribia, mwanga wa buluu haupenyi hadi chini: usoni dawa ni ngumu, ndani ni mbichi. Hata hivyo uso ule husuguliwa ukang'aa, mama akashukuru, akapanda basi akarejea kwake, ilhali uozo umeachiwa mlango.

Pengine atatokea mtu aseme kwamba uzuri wa namna hii ni hadaa, na kwamba afadhali weusi usioficha kitu. Hoja hiyo haina insafu. Kufanana na asili si hadaa. Hadaa ni kufanana nayo kwa sura huku ukipungukiwa nayo kwa kazi. Rangi ni ahadi, na tabaka za chini ndizo zinazoitimiza.

Basi busara humtaka mtu aahidi kwa kadiri ya uwezo wa mahali alipo. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, mganga Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alianzisha hapa nchini njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, na kuziba kwa saruji; baadaye ikatumika ile ya glasi ionoma, ambayo hujishikiza yenyewe kwenye jino na haihitaji taa ili igande. Haina mng'ao wa kompositi. Lakini mwanafunzi anayeichagua kwa sababu damu ya fizi imekataa kukauka, kisha akamweleza mama waziwazi kwa nini ameacha ile nzuri zaidi, hajashindwa kazi. Ameupa ukweli daraja yake juu ya urembo.

Ndani ya tundu lile mwanafunzi ni fundi, ni shahidi, na ni kadhi. Mwalimu humsahihisha kwa yale yanayoonekana tu; kwa hiyo elimu yake hukamilika siku atakapoing'oa kwa hiari dawa iliyokwisha kusifiwa, maadamu yeye peke yake ajua kwamba chini haikuganda.